Kutoka Nguvu hadi Antioksidanti: Historia ya Umubirizi kama Dawa ya Kurudisha Nguvu, kati ya Muganza na Ukanda wa Maziwa Makuu

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya dai moja linalosikika mara nyingi katika biashara ya dawa za mitishamba: kwamba dawa fulani huongeza nguvu mwilini kwa sababu ina antioksidanti. Mfano unaotumika ni umubirizi (Vernonia amygdalina), mmea mchungu unaojulikana katika ukanda wote wa Maziwa Makuu, na mahali pa kuanzia ni Muganza katika Wilaya ya Rusizi, Rwanda. Hoja kuu ni kwamba neno "antioksidanti" lilichukua nafasi ya neno "nguvu" bila kujibu swali lililobebwa na neno hilo la awali. Ushahidi wa Mahale wa mwaka 1987, kazi ya maabara za Butare na majaribio ya kitabibu ya baadaye yanaonyesha kuwa mgonjwa hupata nguvu pale chanzo cha uchovu wake kinapoondolewa. Katika eneo lenye malaria, kusahau tofauti hiyo kuna gharama. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo manne kwa watunga sera.

Istilahi za msingi: umubirizi, nguvu, antioksidanti, malaria, tiba asilia, Rusizi

1. Utangulizi

Muganza ni mojawapo ya tarafa (imirenge) za Wilaya ya Rusizi, kusini magharibi mwa Rwanda, katika eneo lililojulikana kama Cyangugu kabla ya mageuzi ya utawala ya mwaka 2006. Ni sehemu ya tambarare ya Bugarama. Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu, hupita kando ya tambarare hiyo, kisha huteremka hadi Ziwa Tanganyika. Mahali mto huo unapoiacha Rwanda, kwenye mwinuko wa takribani mita 950, ndipo penye mwinuko mdogo kuliko kote nchini. Joto, maji na udongo wake vimeifanya tambarare kuwa nchi ya mpunga. Mawe yake ya chokaa yamelisha kiwanda cha saruji tangu miaka ya 1980. Na chemchemi zake za maji ya moto, amashyuza, zimewavuta kwa muda mrefu watu wanaotafuta nafuu ya maumivu ya mwili. Mpaka wa Burundi uko jirani, na ng'ambo ya mto ni Kamanyola, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Mazingira hayo hayo ni makazi mazuri ya mbu. Kwa hiyo, mtu anayelalamika kuwa hana nguvu katika tambarare kama hiyo anaweza kuwa na sababu nyingi kwa wakati mmoja: kazi ya kuinama shambani tangu alfajiri, malaria isiyotibiwa vizuri, minyoo, upungufu wa damu, au mlo usiotosha. Lugha ya kawaida haizitenganishi sababu hizo. Mnyarwanda husema hana imbaraga. Mswahili husema mwili umeishiwa nguvu. Dawa inayotafutwa ni ile itakayozirudisha.

Swali la makala haya ni la kihistoria: dawa ya kurudisha nguvu ilipopita katika maabara na kurudi sokoni ikiwa na jina la antioksidanti, ni kitu gani kilichobadilika, na ni kitu gani kilichobaki vilevile?

2. Uchungu kama alama ya tiba

Umubirizi ni kichaka au mti mdogo unaoota kingoni mwa mashamba na kupandwa kama ua. Kwa Kinyarwanda na Kirundi huitwa umubirizi, Waganda huuita mululuza, na Watongwe wa mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika huuita mjonso. Jina lake la kisayansi lilitolewa na mtaalamu wa mimea wa Kifaransa, Delile, mwaka 1826. Matumizi yake yanafanana kwa kiasi cha kushangaza kutoka jamii moja hadi nyingine: majani hulowekwa au kuchemshwa, na maji yake machungu hunywewa kwa homa, maumivu ya tumbo, minyoo, kukosa hamu ya chakula na ulegevu wa mwili. Afrika Magharibi majani hayo hayo huoshwa mpaka uchungu upungue, kisha hupikwa kama mboga.

Uchungu ndio uliokuwa kipimo cha ubora. Mnywaji hakuhitaji kujua kemia ili aamini kuwa kitu kinachokaza ulimi namna ile kina kazi mwilini. Imani hiyo haikuwa ya Waafrika peke yao. Tiba ya Ulaya nayo ilikuwa na kundi zima la dawa chungu zilizoitwa toniki, na mashuhuri kuliko zote ilikuwa kwinini, iliyotenganishwa kutoka magome ya msinkona na Pelletier na Caventou mwaka 1820. Mwaka 1858 Erasmus Bond alipata hataza ya maji ya toniki nchini Uingereza. Kinywaji hicho kilihusishwa na Waingereza wa makoloni yenye homa, waliokinywa kama kinga na kama kiburudisho kwa pamoja.

Historia hiyo ina tawi lake karibu kabisa na Muganza. Wakati wa utawala wa Ubelgiji misinkona ilipandwa katika nyanda za juu za Kivu, na umuhimu wa mashamba hayo uliongezeka Japani ilipoiteka Java mwaka 1942 na kuufunga mlango mkuu wa kwinini duniani. Mjini Bukavu, unaotazamana na Cyangugu ng'ambo ya Rusizi, kiwanda cha Pharmakina kilikuja kutengeneza kwinini kutokana na magome hayo. Kwa hiyo, wakazi wa kingo za Rusizi waliishi kati ya dawa mbili chungu za homa. Moja ilikuwa na kiwanda, kipimo na chupa yenye maandishi. Nyingine ilikuwa na ua wa nyumba na kumbukumbu ya wazee.

Tofauti kati ya dawa hizo haikuwa katika uchungu. Kwinini ilikuwa imeulizwa swali mahususi, yaani kama inaua kimelea cha malaria na kwa kipimo gani, na ilikuwa imejibu. Umubirizi ulikuwa bado haujaulizwa.

3. Mahale, 1987: mgonjwa aliyejitibu

Swali hilo lilikuja kuulizwa kwa njia isiyotarajiwa, kwenye ziwa lile lile linalopokea maji ya Rusizi. Mnamo Novemba 1987, katika Milima ya Mahale, magharibi mwa Tanzania, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyeufahamu vizuri msitu na dawa zake, walimfuatilia sokwe jike mzima aliyeitwa Chausiku. Alikuwa mlegevu, alilala mchana wakati wenzake wakila, na hakumshughulikia mwanawe kama kawaida. Aliuendea mjonso, akamenya gome na kuacha majani, kisha akatafuna kiini laini cha shina na kufyonza maji yake machungu. Siku iliyofuata alikuwa amerejea katika hali yake.

Seifu ndiye aliyeutambua mmea na kueleza kuwa ni dawa kali inayotumiwa na watu wake. Maelezo ya tukio hilo yalichapishwa mwaka 1989 kwa majina ya wote wawili, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika enzi ambayo wajuzi wa wenyeji mara nyingi waliishia katika shukrani za ukurasa wa mwisho. Uchunguzi uliofuata ulitoa kipimo: katika tukio jingine la sokwe mgonjwa aliyetafuna mmea huo, mayai ya minyoo ya utumbo yalishuka kutoka 130 hadi 15 kwa kila gramu ya kinyesi katika muda wa takribani saa 20. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Kyoto walionyesha kuwa kiini cha shina kina kampaundi zilizoitwa vernoniosidi, na kwamba vernodalini, iliyo kali zaidi kwa chembe hai, imejaa katika majani na gome, yaani zile sehemu ambazo sokwe aliziacha.

Mambo mawili ya tukio hilo yana uzito kwa hoja ya makala haya. Kwanza, nguvu zilirudi, na maelezo yenye ushahidi zaidi ni kupungua kwa minyoo. Hakuna aliyehitaji kudhani kuwa shina lenyewe lilikuwa chakula cha nguvu. Pili, sehemu ya mmea na namna ya kuitumia vilikuwa sehemu ya ujuzi wenyewe. Anayesema tu kuwa "umubirizi ni dawa" amepoteza nusu ya maarifa aliyokuwa nayo Seifu.

4. Butare na tamaa ya kupata molekuli

Wakati Mahale inaandika habari zake, Rwanda ilikuwa tayari na desturi yake ya utafiti. Mji wa Butare, ulioitwa Astrida zama za ukoloni, ulikuwa na kituo cha IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoundwa mwaka 1947 kwa ajili ya Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi. Baada ya uhuru mazingira ya kisera yalibadilika. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliandaa kongamano kuhusu dawa za asili mjini Dakar mwaka 1968, na Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 likawataja waganga wa jadi miongoni mwa wanaoweza kushiriki katika huduma ya afya ya msingi.

Katika hali hiyo, Luc Van Puyvelde na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda walichunguza mimea ya waganga wa Rwanda. Uliopata umaarufu zaidi ni umuravumba (Tetradenia riparia), ambao mwishoni mwa miaka ya 1970 ulitoa kampaundi mpya iliyopewa jina umuravumbolidi. Neno la Kinyarwanda likaingia katika orodha za kemia ya dunia.

Mwelekeo wa kazi hiyo ulikuwa wa zama zake. Mtafiti alimsikiliza mganga, akachukua mmea, akautenganisha hatua kwa hatua, na kila sehemu akaijaribu dhidi ya kitu kinachotajika: bakteria fulani, kimelea fulani, mkazo fulani wa misuli. Mganga aliyesema dawa yake inarudisha nguvu alikuwa mgumu kumtumikia kwa utaratibu huo, kwa sababu nguvu haina kimelea chake wala sahani yake ya kuoteshea. Dai lililokuwa kubwa zaidi machoni pa watumiaji likabaki bila kipimo. Pengo hilo ndilo lililokuja kujazwa na antioksidanti.

5. Jinsi nguvu ilivyogeuka antioksidanti

Mwaka 1956 Denham Harman, daktari na mwanakemia wa Marekani, alipendekeza kuwa uzee husababishwa na radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenza ambazo hushambulia chembe za mwili. Mwaka 1958 Marsden Blois alieleza njia rahisi ya kupima uwezo wa kitu kuzituliza radikali hizo. Kemikali iitwayo DPPH ina rangi ya zambarau. Ikipewa elektroni na dondoo la mmea, rangi hufifia na kuelekea manjano. Kadiri rangi inavyofifia kwa kiasi kidogo cha dondoo, ndivyo dondoo linavyohesabiwa kuwa na nguvu.

Kwa vyuo visivyo na fedha nyingi, kipimo hicho kilikuwa neema. Hakihitaji wagonjwa, wanyama wala miaka ya kusubiri. Huhitaji kemikali moja, kifaa cha kupima mwanga na alasiri moja. Tena karibu kila jani la kijani, kila gome na kila tunda litatoa jibu zuri, kwa kuwa mimea yote hutengeneza fenoli na flavonoidi kwa ajili ya kujilinda. Umubirizi haukuwa tofauti. Mwaka 1994 Igile na wenzake walitenganisha kutoka majani yake luteolini na glikosidi zake mbili, wakaonyesha kuwa zinazuia uoksidishaji. Matokeo hayo ni ya kweli na yamethibitishwa na wengine. Neno "nguvu" lililoandikwa katika ripoti ya maabara lilikuwa na maana ya kupauka kwa rangi katika neli ya majaribio. Lilipofika kwenye karatasi ya matangazo lilisomwa kwa maana yake ya zamani ya imbaraga. Tafsiri hiyo ilifanyika kimyakimya, na hakuna aliyehitaji kudanganya ili itokee.

Mwaka huo huo wa 1994 ulileta onyo. Nchini Finland wanaume wavutaji sigara 29,133 walishiriki katika jaribio la vidonge vya vitamini E na beta-karotini, antioksidanti mbili zilizotarajiwa kuwakinga na saratani ya mapafu. Waliopewa beta-karotini walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakupewa. Kuhusu nguvu za misuli, kikundi cha Michael Ristow kilichapisha mwaka 2009 matokeo ya vijana wa kiume waliofanya mazoezi kwa wiki nne. Wale waliomeza vitamini C na E kwa wingi walikosa faida ambayo wenzao waliipata katika matumizi ya sukari mwilini. Inaelekea kwamba radikali zinazozaliwa wakati wa kazi ngumu ni ujumbe unaouambia mwili ujiimarishe, na kuzituliza zote ni kuuzuia ujumbe huo. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa hadharani jedwali lake la uwezo wa antioksidanti wa vyakula, ikieleza kuwa takwimu hizo hazionyeshi athari mwilini na kwamba zilikuwa zikitumiwa vibaya kuuza bidhaa.

Hivyo, dai la antioksidanti lilianza kuenea katika masoko ya dawa za mitishamba wakati lilipokuwa likidhoofika katika tiba yenyewe.

6. Malaria na ubishi wa kemia

Katika tambarare ya Bugarama suala hili lina upande wa pili, wenye uzito zaidi kuliko matangazo. Dawa muhimu kuliko zote dhidi ya malaria leo, artemisinini, nayo ilitoka katika mitishamba. Tu Youyou na wenzake waliitenga nchini China mwanzoni mwa miaka ya 1970 baada ya kusoma vitabu vya kale vya tiba, na mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli. Artemisinini hufanya kazi kwa kuoksidisha. Ndani ya molekuli yake mna daraja la oksijeni mbili; likikutana na chuma ambacho kimelea kimekipata kwa kumeng'enya damu, huvunjika na kuzaa radikali zinazokiangamiza kimelea hicho. Majaribio ya maabara na ya panya yaliyochapishwa mwishoni mwa miaka ya 1980 yalionyesha kuwa antioksidanti kama vitamini E zinaweza kupunguza ukali wa dawa za aina hiyo. Matokeo ya panya hayatoshi kumkataza mtu kunywa chai ya majani. Yanatosha, hata hivyo, kuonyesha kwamba kauli ya kuwa antioksidanti nyingi ni nzuri daima haina msingi, hasa kwa mgonjwa wa malaria aliye katikati ya dozi.

Rwanda ilianza kutumia mseto wa artemeta na lumefantrini kama tiba ya kwanza mwaka 2006. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kuwa vimelea vyenye badiliko la R561H, linalohusishwa na usugu dhidi ya artemisinini, vilikuwa vimeota mizizi nchini humo. Katika hali hiyo kila dozi inayochelewa au kukatizwa ina athari inayovuka mlango wa nyumba moja.

Ushahidi wa umubirizi wenyewe dhidi ya malaria unasema jambo hilo kwa uwazi zaidi. Katika jaribio la kitabibu lililochapishwa na Challand na Willcox mwaka 2009, wagonjwa wenye malaria isiyo kali walipewa maji ya majani yake. Takribani theluthi mbili walipata nafuu ya kuridhisha kufikia siku ya 14, lakini miongoni mwa hao waliopata nafuu ni takribani theluthi moja tu ambao vimelea viliisha kabisa, na kwa wengi wao vilirudi. Wagonjwa hao hawakuwa wakijidanganya. Nafuu ilionekana. Kwa wengi kimelea kilibaki. Dawa ya kurudisha nguvu ilikuwa imetimiza ahadi yake kama ilivyoeleweka na mnywaji, na bado ugonjwa ulikuwa njiani kurudi.

7. Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha vipindi vitatu. Katika kipindi cha kwanza, uchungu ulikuwa ushahidi wa tiba, na ujuzi wa sehemu ya mmea na namna ya kuitumia ulikaa kwa watu kama Seifu. Katika cha pili, maabara zilitafuta molekuli dhidi ya maradhi yanayotajika na kuliacha dai la nguvu bila kipimo. Katika cha tatu, kipimo rahisi cha rangi kilitoa jibu kwa swali ambalo halikuulizwa na mnywaji yeyote. Mpunguo wa rangi ya DPPH haumwambii mkulima wa Muganza kwa nini amechoka.

Mapendekezo manne yanafuata. Kwanza, mamlaka za udhibiti, ikiwemo Rwanda FDA iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018, na zile za nchi jirani ambazo bidhaa zake huvuka Rusizi na Ruhwa kila siku, zisiruhusu lebo inayounganisha antioksidanti na nguvu bila jaribio kwa binadamu. Matumizi ya jadi yaandikwe kama matumizi ya jadi, na maandishi hayo yawepo pia kwa Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017 na lugha ya masoko ya mpakani. Pili, wahudumu wa afya wa jamii wauchukulie uchovu kuwa dalili ya kupimwa malaria na upungufu wa damu kabla ya chochote, na wamwulize mgonjwa anakunywa dawa gani za asili bila kumkaripia, kwa kuwa aliyekaripiwa huficha. Tatu, fedha za utafiti zielekezwe kwenye vipimo vinavyomgusa mnywaji: kiwango cha damu, vimelea, mayai ya minyoo, uwezo wa kufanya kazi, na usalama wa kila sehemu ya mmea kwa kipimo kinachotumika nyumbani. Nne, wajuzi wa jadi wahesabiwe kuwa washiriki wa utafiti kwa majina na kwa mgawo wa manufaa, kama Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inavyotaka na kama chapisho la mwaka 1989 lilivyotangulia kuonyesha kwa upande wa majina.

Umubirizi hauhitaji kuitwa antioksidanti ili ustahili heshima. Mmea ambao watu wa mataifa kadhaa waliuchagua kwa homa na tumbo, na ambao sokwe wa Mahale aliuchagua kwa minyoo, una dai la kutosha la kufanyiwa utafiti wa kweli. Anayeunywa akirudi kutoka shambani Muganza anastahili kujua mambo mawili: nini hasa kinachomchosha, na kama kikombe kilicho mkononi mwake kinakiondoa.